Chupa ya Bordeaux Njia Panda ya Kasomeno

Katika sehemu kubwa ya Ufaransa, jina linaloandikwa kwenye lebo ya chupa ya divai ni jina la mahali zabibu zilipoota, na mnywaji huachiwa kazi ya kujua mwenyewe kwamba Chablis hutengenezwa kwa zabibu za Chardonnay, kwamba Sancerre nyeupe ni Sauvignon Blanc, na kwamba Margaux ni mchanganyiko ambamo Cabernet Sauvignon kwa kawaida ndiyo inayotawala. Divai za Afrika Kusini, ambazo zimejaa katika maduka ya Lubumbashi kwa kuwa malori yanayopita Kasumbalesa huzileta kwa wepesi, hufuata njia nyingine: Pinotage, Merlot au Chenin huandikwa mbele kwa herufi kubwa, na jina la bonde hufuata kwa herufi ndogo. Tofauti hiyo, ambayo machoni pa mgeni huonekana kuwa shauri la wachapaji tu, imebeba fikra nzima ambayo Wafaransa huiita terroir, yaani imani kwamba udongo, mteremko, upepo, mvua na mazoea ya watu wa mahali pamoja huungana na kuacha katika kinywaji alama isiyoweza kuhamishwa kwa kuhamisha mche. Wauzaji wamelitumia neno hilo kupita kiasi, na wako wanaolidharau kwa sababu hiyo. Hata hivyo linastahili kupimwa, na hapa linapimwa kwa kipimo kisichozoeleka, ambacho ni kumbukumbu za mtu aliyezaliwa Kasomeno.

Kasomeno, katika jimbo la Haut-Katanga, ni njia panda kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Barabara itokayo Lubumbashi kwenda kaskazini-mashariki hugawanyika hapo, tawi moja likishuka Kasenga kwenye mto Luapula, unaotenganisha Kongo na Zambia, na jingine likielekea Kilwa na Pweto kwenye ziwa Mweru, hivi kwamba samaki wakavu, makaa, mahindi na asali hupita mbele ya milango ya watu mchana na usiku. Mzabibu hauna historia hapo. Divai ilijulikana kwa njia ya altare, kwa sababu sheria ya Kanisa Katoliki inadai divai ya misa iwe ya asili, itokane na zabibu na isiwe imeharibika, na hivyo hata parokia iliyo zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini ililazimika kuagiza tunda la nchi ya mbali. Nje ya kanisa kilikuwa kinywaji cha Wazungu kwa maana halisi ya neno, kwani kwa miaka mingi ya utawala wa Wabelgiji Mkongo wa kawaida hakuruhusiwa kununua divai wala pombe kali, na glasi ya divai mezani ikawa, kwa wale wachache waliopewa kadi za watu "walioendelea", cheti cha pili cha ustaarabu. Lugha ya Kiswahili yenyewe imehifadhi ugeni huo: mvinyo ni neno lililotoka kwa Wareno, na divai, kwa maelezo ya wanakamusi, ni Kifaransa du vin kilichomezwa pamoja na kibainishi chake, kama mtu aliyemeza tunda na kokwa. Kwamba watu wa Katanga wanasema divai na watu wa Dar es Salaam hupendelea mvinyo ni jambo dogo, lakini ni jambo dogo la aina ileile inayozungumzwa hapa, kwa maana ni alama ya njia ambayo kitu kilipita hadi kufika.

Kinywaji ambacho Kasomeno inakijua kwa undani ni munkoyo. Mwandishi wa kurasa hizi alikulia katika ua ambamo munkoyo ulipikwa kila juma, na utaratibu wake unafaa kuelezwa kwa sababu ndio uliokuja baadaye kumfungulia mlango wa divai. Unga wa mahindi hupikwa katika maji mengi hadi uwe uji mzito, kisha uji huachwa upoe hadi mkono uweze kuvumilia joto lake; mizizi ya munkoyo, iliyochimbwa porini, ikaanikwa na kutwangwa hadi ikawa nyuzinyuzi kama kamba iliyochakaa, huzamishwa ndani yake. Hapo hutokea jambo ambalo mtoto huliona kama kiinimacho: uji uliokuwa ukishikilia mwiko huanza kulegea, na baada ya muda usio mrefu hutiririka kama maji na kuwa mtamu, ilhali hakuna aliyetia sukari. Mzizi una vimeng'enya, yaani vitu vya asili vinavyokata wanga kuwa sukari, na sukari hiyo usiku unapoingia huanza kuchachuka. Munkoyo wa siku ya kwanza hunyweshwa watoto na wafanyakazi wa shamba. Wa siku ya tatu ni wa wazee. Mnunuzi sokoni haulizi aina ya mahindi. Huuliza, "Mama, munkoyo hii ni ya wapi?" na akijibiwa, "Ni ya jana, papa, mizizi ya kule ng'ambo," huwa amepata majibu mawili kwa swali moja, la mahali na la wakati, na kutokana na hayo hukadiria ukali, utamu na harufu ya udongo atakayoikuta kabla kikombe hakijafika mdomoni. Waaushi, wanaoishi pande zote mbili za Luapula, wana mizizi wanayoiamini na mizizi wanayoicheka.

Mtu aliyelelewa hivyo angepaswa kuielewa Ufaransa upesi, lakini haikuwa hivyo, na kosa halikuwa la Ufaransa. Mwandishi alifika Lubumbashi akiwa kijana, akapata kazi ya kuhudumia mezani katika hoteli moja, na elimu yake ya kwanza ya divai ilikuwa elimu ya maumbo ya chupa, kwa sababu mhudumu asiyejua kusoma lebo upesi huokolewa na vidole vyake gizani. Chupa yenye mabega yaliyonyooka ni ya Bordeaux. Yenye mabega yanayoteremka taratibu ni ya Bourgogne. Ndefu na nyembamba kama filimbi ni ya Alsace. Nene na nzito, yenye kitako kilichobonyea ndani, ni ya Champagne, kwa kuwa hubeba shinikizo la gesi linalozidi mara kadhaa lile la tairi la gari dogo. Elimu hiyo ilikuwa sahihi na haikutosha. Wageni waliomba "nyekundu" au "nyeupe", "tamu" au "kali", na mhudumu alizoea kuamini kwamba maneno manne hayo ndiyo ramani nzima, hata akawahi kumpelekea mgeni aliyeomba nyeupe ya kunywa na samaki wa Kasenga chupa ya Sauternes, divai tamu mno, inayotokana na zabibu zilizoliwa na ukungu uitwao Botrytis, ambao hunyonya maji ya tunda na kuacha sukari iliyokolea. Mgeni huyo, mzee mmoja mpole wa mjini, aliinywa yote na kusema kwamba samaki alikuwa mzuri.

Somo la pili la hoteli lilihusu joto. Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua za kwanza, ndio mwezi wa moto Lubumbashi, na katika ghala moja la mjini, ambalo halina haja ya kutajwa, chupa zilisimama wima chini ya bati tangu Agosti hadi Novemba, vizibo vikakauka na divai ikapikika polepole. Chupa yenye jina kubwa la Médoc ilipofunguliwa ilinukia jemu ya matunda iliyoungua, na chupa ya bei ya chini iliyokuwa imelala sakafuni, kwenye kona yenye saruji baridi, ilikuwa hai. Kwa mwandishi lile lilikuwa pigo la kwanza kwa heshima ya majina: mahali huipa divai tabia, lakini kila mahali inapopita baada ya hapo, pamoja na bandari, lori na bati la Lubumbashi, huweza kuifuta tabia hiyo, na lebo haibadiliki.

Miaka ilipita kabla hajaiona Ufaransa kwa macho yake, na alipofika alianza na Bordeaux, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na mabega aliyoyafahamu. Mito miwili, Garonne na Dordogne, hukutana hapo na kuwa Gironde, mlango mpana wa bahari, na divai hugawanywa kwa kingo za maji. Ukingo wa kushoto, katika Médoc na Graves, ardhi ni changarawe iliyoletwa na mito ya kale, isiyoshika maji na inayohifadhi joto la mchana, na hapo Cabernet Sauvignon, zabibu yenye ganda nene inayochelewa kuiva, hupata joto inalolihitaji na kutoa divai yenye ukakasi mwingi, yaani ule ukavu unaobana ulimi kama ganda la ndizi mbichi, ambao hupungua kadiri miaka inavyopita ndani ya chupa. Ukingo wa kulia, Saint-Émilion na Pomerol, udongo wa mfinyanzi na mawe ya chokaa ni baridi zaidi, na Merlot, inayowahi kuiva, hutoa divai laini na yenye mwili. Mtu wa Luapula hashangai kuambiwa kwamba kuvuka mto ni kubadilisha kinywaji. Kinachomshangaza ni daraja za ubora za mwaka 1855, zilizopangwa kwa ajili ya Maonyesho ya Kimataifa ya Paris na madalali walioangalia zaidi bei ambazo kila shamba lilikuwa limezoea kupata sokoni, na ambazo hadi leo zimebadilishwa kwa nadra, badiliko maarufu likiwa lile la mwaka 1973 lililoipandisha Mouton Rothschild daraja la kwanza. Kipimo cha ladha kilichoanza kama orodha ya bei kinapaswa kutazamwa kwa jicho la mnunuzi wa sokoni, ambaye hujua kwamba bei ya jana si sababu ya bei ya leo.

Palikuwa na jambo jingine Bordeaux ambalo mzaliwa wa Katanga hakulitarajia, nalo ni rangi ya majani. Mizabibu mingi ilikuwa na madoa ya buluu-kijani, rangi ya mrututu, rangi ambayo mtoto wa Haut-Katanga huijua kutoka kwenye mawe ya malakaiti na maji yatokayo kwenye machimbo. Mwaka 1882 mtaalamu wa mimea Pierre-Marie-Alexis Millardet aliona katika Médoc kwamba mizabibu ya kando ya barabara ilikuwa na majani mabichi wakati ile ya ndani ilikuwa imepukutika kwa ugonjwa wa ukungu; alipouliza, aliambiwa kwamba wakulima walinyunyizia safu za kandokando mchanganyiko wa mrututu na chokaa ili zabibu zionekane chafu na wapita njia wasizile. Dawa ya wezi ikawa dawa ya ukungu, ikatangazwa mwaka 1885 na kuenea dunia nzima kwa jina la mchanganyiko wa Bordeaux. Mrututu ni salfeti ya shaba. Jiji la Lubumbashi lenyewe lilizaliwa kwa shaba: Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza iliyeyushwa hapo mwaka 1911. Shaba haiozi wala haiyeyuki ikatoweka. Hukaa udongoni miaka na miaka, na kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya sasa unamtaka mkulima asizidishe kilo 28 za shaba kwa hekta katika kipindi cha miaka 7. Watu wanaoishi chini ya dohani na kilima cheusi cha taka za kiyeyushio cha Lubumbashi, wanaojua ni mimea gani hufa na ni ua gani dogo la zambarau huendelea kuchanua pale shaba ilipo, wanayo haki ya kusoma kifungu hicho cha sheria kwa makini kuliko Wafaransa wenyewe. Mashairi ya wauzaji kuhusu udongo safi wa Médoc hayautaji mrututu.

Bourgogne ilimshika mwandishi kwa muda mrefu kuliko maeneo mengine yote, na ni haki kukiri kwamba upendeleo huo utaonekana. Hapa zabibu ni mbili tu kwa vitendo, Pinot Noir kwa nyekundu na Chardonnay kwa nyeupe, kwa hiyo tofauti ya ladha kati ya chupa na chupa haiwezi kusingiziwa aina ya tunda. Mteremko mwembamba uitwao Côte d'Or umekatwa vipande zaidi ya elfu moja viitwavyo climats, kila kimoja kikiwa na jina, mipaka na sifa zake, na UNESCO iliviingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2015. Romanée-Conti, kinachotajwa kwa pumzi ya chini, hakifiki hekta mbili. Clos de Vougeot, shamba la takriban hekta 50 lililozungushiwa ukuta na watawa wa Cîteaux katika enzi za kati, ndilo linalofundisha zaidi, kwa sababu linajipinga lenyewe. Mtu akiingia kwa lango la juu, karibu na ngome ya watawa, anakanyaga udongo mwepesi wenye vipande vya mawe ya chokaa vinavyolia chini ya viatu. Akiteremka kuelekea barabara kuu, hatua mia kadhaa tu, sauti hiyo hunyamaza, udongo huwa mzito na hunata, na baada ya mvua maji husimama kati ya safu. Sheria inaziita sehemu zote hizo kwa jina moja na kuzipa daraja lilelile la juu kabisa. Wamiliki ni kama themanini, kwa kuwa mapinduzi ya Ufaransa yaliwanyang'anya watawa shamba lao, na mauzo ya baadaye pamoja na sheria za kugawa urithi sawa kwa watoto wote vikaendelea kulikatakata, na mmoja wao akiwa na safu chache chini kabisa anaweza kuuza jina lilelile analouza jirani yake wa juu.

Yapo masimulizi kwamba watawa walionja udongo wenyewe ili kujua waweke wapi mipaka. Hata yakiwa ni masimulizi tu, mtu wa Kasomeno hayachekelei, kwa sababu sokoni kwao udongo huuzwa kwa mafungu kwa ajili ya wajawazito, nao wanunuzi hutofautisha ule wa mtoni na ule wa kichuguu kwa ncha ya ulimi. Vichuguu vya Haut-Katanga ni vikubwa, vingine vikizidi urefu wa nyumba, na mkulima wa miombo anajua tangu utoto kwamba mahindi yaliyo ubavuni mwa kichuguu ni ya kijani tofauti na yale yaliyo hatua kumi kutoka hapo, na kwamba kuna mboga zisizokubali mahali pengine popote. Ujuzi huo ni ujuzi wa Bourgogne hasa, ukiwa na tofauti moja: watawa walijenga ukuta, wakaandika daftari, wakarudia majaribio yao kwa vizazi, na kichuguu cha Kasomeno hakina jina lililoandikwa popote. Baba wa mwandishi alikuwa na jina kwa kila kichuguu cha shamba lake. Majina hayo yalizikwa naye.

Maeneo mengine yatapitiwa kwa haraka zaidi, bila dharau. Champagne, iliyo kaskazini mno kiasi kwamba zabibu huiva kwa shida, iliugeuza upungufu kuwa mtindo: divai yake ya awali ni chachu na nyembamba, na utukufu huja pale sukari na hamira zinapotiwa ndani ya chupa ili divai ichachuke mara ya pili na gesi ifungiwe humo. Alsace, iliyojikinga na mvua nyuma ya milima ya Vosges na iliyowahi kuwa ya Ujerumani mara kadhaa, ndiyo pekee kati ya maeneo makubwa ya kale inayoandika jina la zabibu mbele, Riesling au Gewurztraminer, kana kwamba inajua kwamba jina la mahali hubadilishwa na majeshi. Bonde la Loire lina kila kitu, kuanzia Muscadet ya pwani inayoachwa juu ya mashapo yake hadi Vouvray ya Chenin, zabibu ileile ambayo Afrika Kusini imeifanya yake. Bonde la Rhône lina nusu mbili zisizofanana, kaskazini Syrah ikitawala kwenye miteremko mikali, kusini Grenache ikichanganywa na nyinginezo juu ya mawe ya mviringo yanayowaka jua, huku upepo wa mistral ukikausha kila kitu.

Jura, kando ya mpaka wa Uswisi, inastahili mtu asimame hapo kidogo. Divai yake ya manjano, vin jaune, hutengenezwa kwa zabibu za Savagnin na kuachwa katika pipa lisilojazwa tena hata divai inapopungua kwa mvuke. Juu yake hujengeka utando wa hamira, ambao fundi wa kawaida angeuona kama dalili ya kuharibika, na divai hukaa chini ya utando huo hadi katikati ya Desemba ya mwaka wa sita baada ya mavuno. Chupa yake fupi, clavelin, ina sentilita 62, na husemwa kwamba hicho ndicho kinachobaki katika lita moja baada ya miaka hiyo. Ladha yake ni ya njugu, viungo na chumvi. Kati ya Wafaransa aliosafiri nao, wengi waliweka glasi chini baada ya tone la kwanza. Mwandishi alimaliza, kwa sababu alikuwa ameonja munkoyo uliozidisha siku na alijua kwamba mstari kati ya kilichoharibika na kilichokomaa huchorwa na wanywaji wa mahali.

Kusafiri kutoka bonde hadi bonde humwacha mtu na dhana kwamba ramani hii ni kazi ya maumbile na watawa, na dhana hiyo ni ya nusu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mdudu mdogo wa Marekani aitwaye filoksera, anayeshambulia mizizi, aliangamiza sehemu kubwa ya mizabibu ya Ufaransa, na wokovu ulipatikana kwa kupandikiza mizabibu ya Kifaransa juu ya vishina vya Kimarekani, ambavyo mizizi yake inavumilia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mizabibu inayosifiwa kwa uenyeji wake imesimama juu ya miguu ya mgeni. Uhaba ulizaa ulaghai. Divai ilitengenezwa kwa zabibu kavu, kwa sukari na maji, na kwa shehena za divai nzito ya Algeria, koloni ambalo hadi uhuru wake wa mwaka 1962 lilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa divai nje ya nchi, na ambalo divai yake iliingia katika mapipa ya kusini mwa Ufaransa ikiwa na nguvu na kutoka ikiwa na jina la mtu mwingine. Msomaji wa Katanga, ambaye amezoea kuona madini yakiondoka kwa jina la kampuni na kurudi kwa jina la simu, hahitaji kuelezwa zaidi.

Sheria dhidi ya ulaghai ilipitishwa mwaka 1905. Mwaka 1907 wakulima wa Languedoc waliandamana kwa mamia ya maelfu. Mwaka 1911 wakulima wa Champagne walivunja maghala ya wafanyabiashara walioleta zabibu za nje. Huko Châteauneuf-du-Pape, mwanasheria na mkulima Pierre Le Roy de Boiseaumarié aliwaongoza majirani zake katika miaka ya 1920 kuandika kanuni zao wenyewe, na miongoni mwa vigezo vya mpaka palikuwa na kimoja ambacho profesa angekitabasamia: ardhi inayofaa ni ile iliyo kame kiasi kwamba lavanda na thyme huota humo. Watafiti wa madini wa Katanga walitumia ua la shaba kwa njia ileile. Kutokana na juhudi kama hizo, na za seneta Joseph Capus wa Gironde, dikrii ya tarehe 30 Julai 1935 ilianzisha mfumo wa majina ya asili yanayodhibitiwa, ambao hutaja kwa kila jina mipaka ya ardhi, aina za zabibu, kiasi cha mavuno na namna ya kutengeneza, na majina ya kwanza, Arbois ya Jura likiwemo, yalitangazwa mwaka 1936. Terroir kama inavyouzwa leo ina umri wa wazee wanaoishi bado. Ladha ya mahali ilikuwapo kabla. Jina lenye nguvu lilipatikana kwa hasira za wakulima waliochoka kuibiwa.

Afrika Mashariki ina eneo moja ambalo lingeweza kufuata njia hiyo, nalo ni Dodoma. Mwandishi alifika huko kwa basi kupitia Zambia na Tunduma, akakuta mizabibu iliyoletwa na wamisionari wa Kiitaliano ikienea kutoka Bihawana hadi Hombolo, katika nchi kavu iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima huulaza kwa mkasi: hupogoa, huusubiri uchipue, na huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Bourgogne, anayeomba msamaha wa mbingu kwa mavuno ya mara moja, hulisikiliza kwa wivu. Ipo zabibu inayobeba jina la mahali pa hapo, Makutupora, na ipo divai tamu iliyoongezewa nguvu iitwayo Dompo, ambayo watu wengi wa Tanzania hulitumia jina lake kumaanisha divai tamu yoyote ile. Wajuzi wa miji mikubwa huicheka. Ni ladha ya mahali hata hivyo, na inapendwa na watu wanaoilipia kwa fedha zao, na Sauternes nayo ilianzia hapohapo. Wakulima wa Hombolo walizungumzia zaidi bei ya kilo na mnunuzi anayechelewa kuja zabibu zikiwa zimeiva, na katika mazungumzo yao mwandishi alisikia Champagne ya mwaka 1911 zaidi kuliko alivyoisikia katika mahandaki ya Reims, huko Champagne kwenyewe.

Upande wa magharibi mwa Afrika hatua imekwishapigwa, na kwa bidhaa iliyo karibu na Kasomeno kuliko divai. Mwaka 2013 shirika la miliki bunifu la nchi za Afrika ambazo nyingi hutumia Kifaransa, OAPI, lilisajili asali nyeupe ya Oku, ya milima ya Kameruni, pamoja na pilipili ya Penja, kuwa majina yanayolindwa, kwa mantiki ileile ya mwaka 1935. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo si mwanachama wa shirika hilo. Asali ya miombo, ambayo warina asali wa Kasomeno huitoa katika mizinga ya magome, huuzwa kando ya barabara katika chupa tupu zinazorudi kutoka mahoteli ya Lubumbashi, na kwa kuwa chupa za Bordeaux husimama vizuri juu ya meza na mabega yake huzuia asali isimwagike kwa ghafla, ndizo zinazopendwa.

Mara ya mwisho mwandishi aliposhuka kwenye gari njia panda, meza ilikuwa na chupa saba, na katika moja lebo ilikuwa imebanduliwa nusu, herufi za Saint-Émilion zikiwa bado zinasomeka juu ya kioevu cha kahawia. Alimwuliza muuzaji, mama wa makamo aliyekuwa akifukuza nyuki kwa kitambaa, kama ilikuwa ya muputu au ya mutondo, ambayo ni miti miwili ya miombo inayochanua kwa nyakati tofauti. "Ya muputu ilishaisha, yaya," akajibu bila kuinua macho. "Hii ni ya mutondo, ya ng'ambo ya kilima, ya huku chini ni chungu kidogo, ile sikuleteki." Kisha akaipangusa chupa, akaigeuza ili lebo itazame nyuma, na kutaja bei.